Igogo, kitongoji cha mafundi wa ziwa

Abiria anayetoka katikati ya Mwanza kwa daladala ya Nyegezi au Buhongwa huiona Igogo kwa dakika chache tu. Kulia kwake inapita reli, yanafuata maghala na kuta za viwanda, kisha ziwa. Kushoto unapanda mlima wa mawe makubwa ya kijivu, na katikati ya mawe hayo nyumba zimebanana kuanzia kando ya Barabara ya Kenyatta hadi karibu na kilele. Kabla hajamaliza kujiuliza saruji ya nyumba ile ya juu kabisa ilifikaje pale, konda anaita Mkuyuni. Wakazi wengi wa jiji wanaijua Igogo kwa namna hiyo, kama mahali pa kupita.

Igogo inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Katika ukanda mwembamba ulio kati ya barabara na maji, kwenye kata hii na kwa majirani zake wa karibu, kuna reli ya kati inapoingia Mwanza, bandari ya Mwanza Kusini, chelezo cha kupandishia meli, karakana za vyuma na viwanda vya kuchakata samaki. Ng'ambo ya ghuba, kwenye rasi ya Capri Point, zinanguruma pampu zinazovuta maji ya jiji. Ni vigumu kupata sehemu nyingine Kanda ya Ziwa yenye mitambo na ufundi wa aina nyingi hivyo ndani ya mwendo wa mguu.

Nchi jirani zimejaribu kuijenga miji ya teknolojia kwa ramani na uzio. Kenya imekuwa ikiijenga Konza, kusini mashariki mwa Nairobi, tangu jiwe la msingi lilipowekwa mwaka 2013. Mwanza haikutangaza mji wa namna hiyo. Ukanda wake wa ufundi ulikua wenyewe, kipande baada ya kipande, kwa sababu ziwa lilihitaji meli, meli zilihitaji reli, na samaki walihitaji barafu. Igogo ni makazi ya ukanda huo. Watu wake wanalala mlimani na kufanya kazi bondeni.

Kwa hiyo swali la haki ni hili: teknolojia yote hiyo iliyoko miguuni mwao imewafanyia nini watu wa mlimani? Jibu si meli wala kiwanda. Kitu kilichobadilisha maisha ya Igogo kuliko vyote ni bomba la plastiki lenye kipenyo cha takribani inchi nne, linalopita kati ya nyumba na nyumba kubeba majitaka. Kazi ya bomba hilo haijamalizika katika vilima vya Mwanza, na makala hii inasema kwamba ndiyo inayopaswa kutangulia.

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, wakati wa Waingereza, na kuanzia hapo pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda baharini. Treni inaingia mjini kutokea kusini, ikifuata ufuko, na maghala, matishari na vibarua viliifuata. Eneo tambarare kando ya ziwa ni dogo na lilichukuliwa mapema na viwanja vilivyopimwa, reli na serikali. Aliyekuja kutafuta kazi ya kupakia magunia alihitaji chumba ambacho angeweza kukifikia kwa miguu usiku. Chumba hicho kilikuwa mlimani, kwenye ardhi ambayo hakuna mpimaji aliyeitaka.

Ndivyo vilivyojaa vilima vya Mwanza: Igogo, Bugarika, Mabatini, Kilimahewa, Isamilo. Mwanza ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2000, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja. Sehemu kubwa yao wanaishi kwenye makazi ambayo hayakupangwa.

Kisha akaja sangara.

Samaki huyu alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya kwa muda, na miaka ya 1980 akaongezeka ghafla huku akimaliza furu, vile visamaki vidogo ambavyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa wameanza kuvichunguza hapa Mwanza mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota ufukweni. Igogo ikapata eneo lake la viwanda, na humo kuna Tanzania Fish Processors, mojawapo ya makampuni yaliyoipeleka minofu ya sangara Ulaya.

Kazi ya kiwandani ni ya kasi na ya baridi. Samaki anashushwa akiwa kwenye barafu, anapimwa urefu kwa sababu sheria hairuhusu sangara wa chini ya sentimita 50, anaoshwa, kisha anafika kwa mchunaji. Mchunaji mzoefu anapitisha kisu nyuma ya kichwa, anakilaza juu ya uti wa mgongo na kukivuta hadi mkiani kwa mkono mmoja usiosita. Mnofu unabaki mzima. Ngozi inatolewa, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yanawekwa kando kwa ajili ya soko la China, na kinachobaki, kichwa na mifupa, kinatoka nje kama mapanki. Mnofu unaenda kwenye friji. Mapanki yanaenda kwa kinamama wanaoyakaanga na kuyauza mitaani. Kwa miaka mingi familia za Mwanza zimekula sehemu ile ya samaki ambayo Ulaya haikuitaka. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara ililionyesha jambo hilo dunia nzima, na Serikali ya Rais Kikwete ilikasirishwa nayo. Watu wa viwandani wenyewe walikuwa na hoja nzito kuliko filamu: mishahara, afya ya mikono inayoshinda kwenye barafu, na samaki wanaozidi kupungua ziwani.

Lakini kuna tukio moja la zama hizo ambalo halikumbukwi vya kutosha, na linahusu mlima moja kwa moja. Mwishoni mwa mwaka 1997 kipindupindu kilienea Afrika Mashariki. Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka nchi hizi, Tanzania ikiwemo, na zuio likaendelea hadi katikati ya mwaka 1998. Mwaka uliofuata likaja zuio jingine, safari hii kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Viwanda vikasimama, boti zikafungwa, na wachunaji wakarudi nyumbani bila kazi. Serikali ikajifunza. Maabara ya kudhibiti ubora wa samaki ikaimarishwa Nyegezi, kilomita chache kusini mwa Igogo, hadi ikatambuliwa kimataifa. Sakafu za viwanda zikawekwa vigae, maji ya kuoshea yakawekewa dawa, wafanyakazi wakavalishwa makoti meupe na mabuti.

Hatua chache kutoka kwenye lango la kiwanda, ng'ambo ya barabara, mfanyakazi yuleyule alivua koti jeupe na kupanda kwenda kwenye choo kilichokuwa kikivuja kuelekea ziwani.

Anayeishi tambarare hawezi kuelewa kwa urahisi shida ya choo juu ya mwamba. Choo cha shimo kinataka shimo, na mlimani Igogo sululu inagota jiwe kabla shimo halijafika magotini. Watu walijenga kwenda juu badala ya kwenda chini: ukuta wa mawe, ngazi tatu au nne, na tundu juu yake. Choo kidogo namna hiyo kinajaa upesi, hasa kwenye nyumba yenye wapangaji wa vyumba sita. Gari la kunyonya majitaka linaishia kwenye lami. Bomba lake haliwezi kupanda vichochoro ambamo hata mtu aliyebeba godoro anapita kwa ubavu. Kilichobaki ni mvua. Usiku wa mvua kubwa watu walitoa tofali chini ya ukuta wa choo na kukitapisha, maji ya mvua yakabeba kila kitu kupitia kwa jirani wa chini, kwenye ngazi wanazopita watoto kwenda shule, hadi kwenye mtaro wa barabara na mwisho ziwani. Kila mtu alijua. Aliyelaumiwa asubuhi alikuwa amelaumu mwenzake wiki iliyopita.

Na maji hayo ya ziwa ndiyo ya kunywa. Chanzo cha Capri Point, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichotegemewa na jiji kwa uzalishaji wa lita takribani milioni 90 kwa siku, kiko kwenye rasi inayotazamana na vilima hivi. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza, MWAUWASA, inayachuja na kuyatibu vizuri. Lakini si kila ndoo ya Igogo inatoka bombani. Mgao ukiwa mrefu, wapo wanaochota ziwani. Kipindupindu kilirudi nchini mwaka 2015 na Mwanza haikupona. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kilionekana tena Mwanza, Simiyu na Shinyanga.

Hapo ndipo bomba jembamba lilipoingia. Kupitia mpango wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, uliopata mikopo ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, MWAUWASA ilijenga mtandao rahisi wa majitaka katika vilima vya Mwanza, Igogo ikiwa miongoni mwao. Ulaya iliyowahi kuwakataa samaki wetu kwa sababu ya kipindupindu ilikuja kukopesha fedha za kukizuia. Ni jambo la kulikubali bila kinyongo, maana deni tutalilipa wenyewe na faida ni yetu.

Mfumo wenyewe ni wa kueleweka na fundi yeyote wa bomba. Mtandao wa kawaida wa majitaka unapita chini ya barabara, kina chake kinafika mita kadhaa, na mabomba yake ni makubwa. Kwenye mwamba usio na barabara hauwezekani. Mtandao rahisi unapita uani. Bomba linalazwa karibu na uso wa ardhi, mahali pengine juu ya jiwe lenyewe na kufunikwa kwa zege, kwa sababu hakuna lori litakalopita juu yake. Kwenye kona ya ua, kati ya ukuta wa jiko na jiwe, kuna chemba ndogo ya zege yenye mfuniko ambao mtu mmoja anauinua kwa mikono. Ukiufunua unaona bomba moja likiingia kutoka kwa jirani wa juu, jingine kutoka choo cha nyumba hii, na la tatu likitoka kwenda kwa jirani wa chini. Choo ni cha kumwagia. Kopo la maji linatosha kukisafisha. Mteremko uleule uliokuwa ukipeleka uchafu ziwani sasa unausukuma ndani ya bomba hadi kwenye mtandao mkubwa wa barabarani, na kutoka huko unapelekwa kwenye mabwawa ya kutibu majitaka.

Sehemu ngumu zaidi si bomba. Ni ruhusa. Bomba la nyumba ya juu lazima lipite uani kwa wa chini, na wa chini kwa mwingine, na kila mmoja ana sababu ya kuuliza kwa nini uchafu wa mwenzake upite mlangoni kwake. Mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wa nyumba wanabeba kazi ambayo mhandisi hawezi kuifanya: kuwaketisha majirani, kukubaliana nani ataondoa ngazi yake, nani atavunja bafu, na nani ataitwa chemba ikiziba. Mtu mmoja akitupa matambara au mafuta ya kukaangia mapanki, nyumba kumi juu yake zinapata tabu. Kwa hiyo mfumo huu unafundisha ujirani kwa lazima, na pale ulipokaa vizuri ni kwa sababu watu walisikilizana kabla ya kuchimba.

Mbinu hii haikubuniwa Mwanza. Brazil iliianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mji wa Natal, kwenye mitaa ya watu maskini, baadaye ikaitumia hata katika mji mkuu wake, Brasília, kwa matajiri na maskini sawasawa. Mjini Karachi, Pakistan, Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi wa Orangi mwaka 1980, na wakazi wenyewe wakachanga kujenga vyoo na mabomba ya vichochoro vyao huku serikali ikitakiwa kubeba mabomba makuu. Mifano hiyo miwili inathibitisha kitu kimoja ambacho Mwanza inapaswa kukishika: mtandao rahisi si mtandao wa muda wa kuwatuliza watu wa mabondeni na milimani mpaka uje ule wa kweli. Huu ndio wa kweli. Pale Brazil kuna nyumba ambazo zimeutegemea kwa miongo minne.

Wakati bomba hilo likitandazwa mlimani, bondeni kulikuwa na kazi nyingine iliyovuta macho ya taifa. Septemba 2018 Serikali ilisaini mikataba na kampuni za Korea Kusini ya kujenga meli mpya na chelezo chenye uwezo wa kupokea meli ya tani 4,000, pamoja na kukarabati MV Victoria na MV Butiama. Siku chache baadaye, Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Mwanza ilikuwa bado ina jeraha la MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 na mamia ya abiria, baadhi yao wakiwa wamezikwa Igoma. Meli kwa watu wa ziwa hili ni jambo la uhai na kifo, na hakuna anayepaswa kubeza fedha zilizotumika.

MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini Februari 12, 2023 pale Mwanza Kusini. Wakati MV Victoria inatengenezwa Scotland zaidi ya miaka 60 iliyopita, ililetwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na karakana kubwa ya ziwa. Leo chelezo kikubwa kiko Mwanza. Wahandisi wa Korea walifanya kazi bega kwa bega na mafundi Watanzania, na vijana waliochomelea mabamba ya meli ile wana ujuzi ambao haupatikani kwenye mageti na madirisha.

Ujuzi huo utabaki? Hapa ndipo pa kuwa na wasiwasi. Meli ikishakamilika, kibarua kinaisha. Chuo cha VETA cha Mwanza kiko Nyakato, upande wa pili wa jiji kwenye barabara ya Musoma, na kijana wa Igogo anayeiona meli kila asubuhi kutoka mlangoni kwao hana darasa la karibu la kumfundisha kuchomelea chini ya usimamizi, kusoma mchoro wa injini au kukagua bamba kama lina ufa. Kampuni ya Meli Tanzania, TASHICO, ina makao yake hapahapa Mwanza. Ina meli za kutunza kwa miaka 30 ijayo, kuna reli mpya ya kisasa ya kilomita 341 inayojengwa kutoka Isaka, na tangu Juni 2025 kuna Daraja la John Magufuli kati ya Kigongo na Busisi linalopitisha mizigo ya ukanda wote. Kazi zipo. Inatakiwa nafasi za uanagenzi zenye jina la mtaa: vijana kadhaa kila mwaka kutoka Igogo, Mkuyuni na Bugarika, wanaofundishwa kwenye chelezo chenyewe na kupewa cheti cha VETA.

Anayedhani kwamba kukaa karibu na teknolojia kunatosha aitazame California. Katikati ya eneo tajiri kuliko yote duniani kwa kampuni za kompyuta kuna mji mdogo unaoitwa East Palo Alto, wenye watu wapatao 30,000, uliojipatia baraza lake mwaka 1983. Upande mmoja uko Chuo Kikuu cha Stanford. Upande mwingine, Menlo Park, yalipo makao makuu ya Facebook. Mwaka 1992 mji huo ulikuwa na kiwango cha juu kabisa cha mauaji nchini Marekani. Kilichotokea baadaye kinawahusu zaidi watu wa Igogo: mwaka 2016 baraza la mji lilisimamisha ujenzi mpya kwa sababu mji haukuwa na mgao wa kutosha wa maji. Majirani walikuwa na ziada. Mji wa Mountain View, yalipo makao makuu ya Google, na ule wa Palo Alto ndio walioukatia sehemu ya mgao wao, na mwaka 2018 ujenzi ukaendelea. Mabilioni ya dola yaliyokuwa yakizunguka pembeni hayakugeuka kuwa maji mpaka watu walipokaa mezani na kuandikiana.

Igogo nayo haitamaliziwa bomba kwa sababu tu meli kubwa imejengwa chini yake.

Wapo wanaosema kwa nia njema kwamba mlima haufai kuishi watu, na kwamba dawa ni kuwahamishia kwenye viwanja vilivyopimwa Buhongwa au Kisesa. Hoja yao ina ukweli. Mvua kubwa zimewahi kuporomosha mawe juu ya nyumba katika vilima vya Mwanza na kuua watu waliolala. Nyumba zilizo chini ya mawe yaliyolegea zihamishwe, zilipwe fidia ya haki, na eneo lipandwe miti. Lakini kuhamisha mlima mzima ni kumwambia mchunaji anayeingia zamu alfajiri, mama anayenunua mapanki kabla jua halijachomoza na kibarua wa bandari kwamba sehemu ya kipato chao iishie kwenye nauli. Walipanda mlimani kwa sababu kazi iko bondeni. Sababu hiyo haijaondoka, na wengi wangerudi kupanga chumba palepale.

Wengine wanalalamikia gharama: ada ya kuunganishwa, na asilimia ya majitaka inayoongezwa kwenye ankara ya maji. Malalamiko haya ni ya kusikilizwa. Mwenye nyumba anayekusanya kodi ya vyumba sita anaweza kulipa. Mjane anayekaa chumba kimoja kwenye nyumba ya urithi hawezi kwa mkupuo. MWAUWASA iruhusu malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, kama watu wanavyolipia umeme na mikopo ya bodaboda, na iwatoze wenye nyumba za kupangisha kwanza. Gharama ya choo isihamishiwe kwa mpangaji ambaye hata ruhusa ya kutoboa ukuta hana.

Maji nayo yaongezeke, maana choo cha kumwagia kisicho na maji kinaziba ndani ya wiki. Chanzo kipya cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kilijengwa ili kupunguza mgao uliowachosha watu wa kusini mwa jiji. Hiyo ni hatua kubwa. Sasa maji hayo yasukumwe hadi nyumba za juu kabisa, ambako presha hufika usiku wa manane au haifiki, kwa kujenga matangi ya mlimani na pampu za kuyajaza. Mtu wa juu akikosa maji ya kusukumia choo chake, atakayeumia kwanza ni wa chini yake.

Na chemba ziwe na mwenyewe. Mtandao uliojengwa kwa mkopo wa Ulaya usiachwe ukategemea fundi wa kutumwa kutoka ofisini siku tatu baada ya kuziba. Kila mtaa uwe na vijana wawili waliofundishwa, wenye fimbo za kuzibulia, glovu, mabuti na posho inayotoka kwenye ankara ya majitaka. Hiyo ni ajira ya kiufundi, inaweza kuanza mwaka huu, na haihitaji mwekezaji wa kutoka nje.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 umewapa wananchi wa Nyamagana na Ilemela mabaraza mapya ya madiwani, na msimu wa bajeti huja kila mwaka. Mkazi wa Igogo, Mabatini au Kilimahewa akienda kwenye mkutano wa mtaa, amuulize diwani wake na afisa wa MWAUWASA mambo mawili na asiondoke bila kujibiwa kwa tarakimu: mwaka huu mmeunganisha nyumba ngapi za mlimani, na zimebaki ngapi?